Mlinzi wa ghala akiugua, nani atamtibu?

Mahindi na maharage yakishaanikwa, yakapigwa, yakatiwa katika magunia na kuingizwa ndani, nyumba nyingi za wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, huyakabidhi kwa mlinzi mmoja asiyelipwa mshahara. Mlinzi huyo ni paka. Usiku hupita juu ya magunia, hushuka jikoni, huvizia uvunguni mwa kitanda. Asubuhi watoto humkuta amejikunja mlangoni, au amejilaza juu ya mkeka wa bibi wa kuswalia, wala hakuna anayemfukuza. Ana jina lake, na wenyeji wa nyumba humhesabu kama mmoja wao.

Lakini siku mlinzi huyu anapokataa kula, akajificha nyuma ya mtungi na macho yakamtoka utongo, familia hujikuta haina pa kumpeleka. Mtoto akiugua, ipo zahanati. Ng'ombe akiugua, huitwa afisa mifugo. Kuku wakianza kusinzia na kufa, jirani anajua jina la ugonjwa na duka la dawa. Paka akiugua hupewa nusu ya kidonge cha binadamu, au hupakwa dawa ya kupe wa ng'ombe, au huachwa tu apone mwenyewe. Na mara nyingi kinachomuua si maradhi aliyokuwa nayo, bali ni ile dawa aliyopewa kwa huruma.

Wiki hii, katika kurasa zetu za familia, tunaizungumzia fani ambayo kwa wengi wetu ni ngeni: fani ya madaktari wa wanyama waliobobea katika tiba ya paka. Tutaeleza ni akina nani na kwa nini elimu yao imehitajika, kisha tutarudi nyumbani kwetu na kuuliza: familia iliyoko Rulenge, Kabanga, Nyakahura au Lusahunga, ambayo bingwa wa namna hiyo hayuko karibu nayo, ifanye nini leo?

Amana iliyo chini ya paa letu

Katika vitabu vya Sunan imepokewa habari ya Kabsha binti Kaab bin Malik, aliyemwekea mkwewe, swahaba Abu Qatada, maji ya kutawadha. Paka akaja akitaka kunywa, naye Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akamaliza haja yake. Alipoona Kabsha anamtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, kwani ni katika viumbe wanaotuzunguka majumbani.

Habari ya pili wengi wetu tumeisikia tangu madrasa. Imo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim: habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Tuitazame kwa makini. Mwanamke yule hatuelezwi kuwa alimpiga paka wala kuwa alimtilia sumu. Kosa lake ni kwamba alimfungia, asimlishe, wala asimwachie ajitafutie vijidudu vya ardhini, mpaka akafa. Basi na ajiulize kila mmoja wetu ambaye humfungia paka stoo usiku na mchana ili akamate panya, bila hata bakuli la maji, akidhani kuwa panya wanamtosha kwa yote.

Hatuna haja ya kujazia hapo visa visivyo na asili, kama kile mashuhuri cha paka aitwaye Muezza, ambacho hakipatikani katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Zilizothibiti zinatosha. Na juu yake wanazuoni wa fiqhi wameandika kuwa mwenye kumiliki mnyama analazimika kumpa chakula na maji. Akishindwa, ampe anayeweza au amwachie ajitafutie riziki. Kumtibu ni sehemu ya ihsani ambayo tumeamrishwa katika kila jambo.

Utabibu wa wanyama wenyewe si jambo geni katika historia ya Waislamu. Kiarabu kina neno mahususi kwa tabibu wa wanyama: baytar. Mtaalamu mkubwa wa mimea na dawa kutoka Andalusia, Ibn al-Baytar, aliyefariki mjini Damascus mwaka 1248, jina lake maana yake ni mwana wa tabibu wa wanyama. Na Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277, anaelezwa kuwa aliacha bustani jijini Kairo iwe wakfu kwa ajili ya kulisha paka.

Kwa nini paka awe na daktari wake?

Kwa muda mrefu, hata katika nchi zilizoendelea, paka alitibiwa kama mbwa mdogo. Dawa ilipimwa kwa mbwa, kisha ikapunguzwa kwa kadiri ya uzito. Madaktari wachache walianza kuona kuwa hesabu hiyo haikubali. Jijini New York, Marekani, Louis Camuti, aliyefariki mwaka 1981, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akienda nyumba kwa nyumba kutibu paka peke yao. Huko Boston, Jean Holzworth alikusanya uzoefu wake wa hospitalini katika kitabu kikubwa cha maradhi ya paka kilichotoka mwaka 1987. Nchini Uingereza iliundwa mwaka 1958 taasisi ya kuendeleza elimu ya tiba ya paka, na mwaka 1971 madaktari wa Marekani wakaunda jumuiya yao wenyewe ya wanaotibu paka.

Walichokigundua kwa miaka hiyo kinaeleza kwa nini fani hii imesimama peke yake. Mwaka 1964, William Jarrett na wenzake wa Glasgow waligundua kirusi kinacholeta saratani ya damu kwa paka. Mwaka 1986, huko Davis, California, kikagunduliwa kirusi kingine kinachodhoofisha kinga ya paka, cha jamii moja na kile cha UKIMWI, ambacho hata hivyo hakimwambukizi binadamu. Mwaka uliofuata, Paul Pion na wenzake wa chuo hichohicho walionyesha kuwa paka wengi waliokuwa wakifa kwa moyo kutanuka na kulegea walikuwa wamekosa kitu kimoja tu katika chakula: taurini, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki. Waliporudishiwa kirutubisho hicho, wengi wao walipona.

Ugunduzi huo unatuhusu moja kwa moja. Mbwa anaweza kujitengenezea taurini mwilini mwake. Paka hawezi kujitengenezea ya kumtosha. Yeye ameumbwa mla nyama, na mwili wake haukupewa njia ya kuishi bila nyama. Kwa hiyo paka anayelishwa ugali mkavu na matone ya maziwa mwaka mzima, katika nyumba ambayo panya wamekwisha, anaweza kuwa na tumbo lililojaa na moyo unaodhoofika. Dagaa wachache waliopikwa bila chumvi nyingi wakichanganywa katika ugali wake ni chakula na ni kinga. Nasi tulio karibu na Ziwa Victoria hatuwezi kusema dagaa hatuwajui.

Daktari bingwa wa paka hapatikani kwa siku moja. Kwanza husoma udaktari wa wanyama wote kwa miaka mitano au zaidi. Kisha hufanya kazi chini ya usimamizi, akaongeza miaka kadhaa ya kushughulikia paka chini ya mabingwa waliomtangulia, na mwisho hufanya mtihani mbele ya bodi ya taaluma. Akitoka hapo anajua kupima moyo wa kiumbe mwenye kilo nne, kusoma damu yake, kumlaza kwa dawa ya usingizi bila kumuua, na jambo ambalo huenda ndilo gumu kuliko yote: kumshika bila kumtisha. Paka aliyeogopa huficha maumivu, mapigo ya moyo hubadilika, na hata sukari katika damu hupanda. Kwa hiyo kliniki za paka hutenganishwa na kelele za mbwa, na daktari humpima paka akiwa ndani ya kikapu chake au amefunikwa taulo.

Hali ilivyo kwetu

Tanzania inao madaktari wa wanyama. Wanasomeshwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwa shahada ya miaka mitano, na chuo hicho kina hospitali yake ya wanyama. Kazi yao inasimamiwa na Baraza la Veterinari lililowekwa na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, ambalo huweka rejesta ya wanaoruhusiwa kutibu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamkataza mtu kumtesa mnyama aliye chini yake.

Hata hivyo shahada hiyo ni ya jumla: ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku, mbwa na paka katika daftari moja. Na mhitimu akipangiwa kazi wilayani, wanaomsubiri mlangoni ni wafugaji wa ng'ombe wenye ndigana, homa ya mapafu na chanjo za kampeni. Hatumlaumu. Ng'ombe ni ada ya shule na mahari, na paka hana bei sokoni. Kliniki zenye kupokea mbwa na paka kwa wingi ziko katika miji mikubwa. Na kule Lamu, nchini Kenya, kisiwa kinachojulikana kwa paka wake, ipo kliniki ya wanyama inayowatibu na kuwafunga uzazi. Kutoka Ngara kwenda Morogoro, kupitia Nyakanazi, Kahama na Singida, ni zaidi ya kilomita 1,000. Hakuna atakayeisafiri njia hiyo na paka kikapuni.

Basi elimu ya mabingwa, hata kama wao wenyewe hawafiki, inaweza kufika. Mengi waliyoyajua kwa miaka sitini hayahitaji mashine, yanahitaji tu yaambiwe watu.

Dawa zinazoua

La kwanza: usimpe paka parasetamoli, kwa jina lolote inalouzwa, iwe kidonge kizima, nusu au robo. Ini la binadamu lina njia ya kuivunja dawa hiyo na kuitoa mwilini. Ini la paka karibu halina njia hiyo. Sumu inayobaki huharibu damu ishindwe kubeba hewa. Fizi hugeuka rangi ya kahawia au buluu, uso na miguu huvimba, pumzi hukatika. Kidonge kimoja kinatosha kumuua paka mzima. Aspirini na dawa nyingine za maumivu za binadamu nazo ni za hatari kwake.

La pili: usimpake wala kumwogesha paka kwa dawa ya kupe na viroboto iliyotengenezwa kwa ng'ombe au mbwa. Nyingi zina viuadudu vya kundi la pamethrini, ambavyo mwili wa paka hauwezi kuviondoa. Hutetemeka, huanguka, hupata degedege, hufa. Hapa pana jambo ambalo wakulima wetu hawajaambiwa vya kutosha: baadhi ya unga tunaochanganya na mahindi kuzuia dumuzi una viuadudu vya kundi hilohilo, na wakati mwingine na sumu nyingine pamoja. Paka hulala juu ya magunia, unga hushika manyoya, kisha hujilamba kutwa nzima kama ilivyo desturi yake ya usafi. Mlinzi anauawa na ghala analolilinda. Dawa ya dumuzi na ichanganywe nje, gunia lifungwe na kupanguswa, na paka apewe mahali pengine pa kulala mpaka vumbi litue.

La tatu: sumu ya panya. Nyumba yenye paka na sumu ya panya kwa pamoja ina maadui wawili waliowekwa sahani moja. Panya aliyekula sumu hulegea, na kiumbe aliyelegea ndiye paka humkamata kwanza. Chagua kimoja: paka au sumu. Ukichagua sumu, mpeleke paka kwa ndugu kwa muda, na mizoga ya panya ifukiwe kila asubuhi kabla watoto na kuku hawajaifikia.

Imepokewa katika Sunan kuwa Mtume (s.a.w.) amemtwika dhamana ya madhara mtu anayejitia utabibu hali hakujulikana kwa utabibu. Wanazuoni wamelizungumza hilo kuhusu wagonjwa wa kibinadamu. Sisi tunasema adabu yake inatosha kumzuia mtu mkono kabla hajamminyia paka kidonge asichokijua.

Dalili ambazo hazisubiri

Paka huficha ugonjwa. Katika pori la asili yake, mnyonge huliwa. Kwa hiyo anapoonekana mgonjwa, mara nyingi ameugua siku kadhaa. Zipo dalili nne zinazotaka msaada siku hiyohiyo.

Ya kwanza ni paka dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na mkojo hautoki au hutoka matone. Watu hudhani amefunga choo, wakampa mafuta. Mara nyingi njia yake ya mkojo, ambayo ni nyembamba kuliko ya jike, imeziba kwa mchanga au ute. Ndani ya siku moja au mbili sumu ya mkojo hurudi katika damu na kumuua. Ya pili ni paka anayehema mdomo wazi kama mbwa. Ya tatu ni kutokula kwa siku mbili au tatu, hasa kwa paka mnene, kwani mafuta ya mwili hukimbilia ini na kulifunga. Ya nne ni kutapika na kuharisha kwa mtoto wa paka aliyelegea ghafla. Huenda ni ugonjwa mkali wa virusi ambao una chanjo lakini hauna dawa ya kuua kirusi chake.

Afisa mifugo wa kata si bingwa wa paka, lakini anajua kupima joto, ambalo kwa paka mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39. Anajua kuweka maji mwilini kwa sindano, na anaweza kumpigia simu daktari wa wilaya. Mpigie. Mweleze alikula nini, alipakwa nini, na amekojoa lini. Maneno hayo matatu ni nusu ya uchunguzi.

Kichaa cha mbwa hakimwachi paka

Kwa familia, jambo zito kuliko yote ni hili. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya wataalamu, wengi wao Asia na Afrika, na sehemu kubwa ya wanaoumwa ni watoto. Karibu vifo vyote hutokana na kuumwa na mbwa, lakini paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa hupata ugonjwa uleule na huupitisha kwa meno yake. Na ni nani anayecheza na paka, akamvuta mkia, akalala naye? Ni mtoto wa miaka minne.

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo inapakana na mapori ambayo sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mbwa na wanyama wa porini hawaonyeshi hati ya kusafiria. Na wilaya ya Biharamulo imekwisha kuonja uchungu wa maradhi yanayotoka kwa wanyama: mlipuko wa Marburg uliotangazwa Januari 2025, wa kirusi ambacho makazi yake ya asili ni popo wala matunda, uliondoka na watu kumi kabla haujatangazwa kuisha mwezi Machi. Ugonjwa ule hauhusiani na kichaa cha mbwa, lakini somo ni moja: afya ya mtu na afya ya mnyama aliye karibu naye hazitenganishwi. Tofauti ni kwamba kichaa cha mbwa kina chanjo.

Paka huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kwa muda anaoelekeza mtaalamu, kwa kawaida kila mwaka. Kampeni inapotangazwa na halmashauri, hasa kuzunguka Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, wengi hupeleka mbwa na kumwacha paka nyumbani. Apelekwe naye. Mtie katika kikapu chenye mfuniko au gunia safi linalopitisha hewa. Usimbebe mikononi penye mbwa.

Mtoto akiumwa au kuparuzwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Paka aliyeuma, akiwa anaonekana mzima, asiuawe. Afungiwe mahali salama apewe chakula na maji, na aangaliwe kwa siku kumi chini ya maelekezo ya afisa mifugo, huku matibabu ya mtoto yakiendelea bila kusubiri. Paka aliyebadilika sauti, anayetoka udenda, anayeyumba au kushambulia bila sababu, asiguswe na yeyote. Dalili zikishamtokea binadamu, tiba haipo. Sabuni na chanjo hufanya kazi kabla yake.

Wapo watakaosema: je, hatukuambiwa paka si najisi? Naam. Hukumu ya tohara inatueleza kuhusu maji ya kutawadha na nguo ya kuswalia. Haikusema kuwa meno yake hayana kirusi. Fiqhi na tiba hapa hazigombani. Kila moja inajibu swali lake.

Mama mjamzito na paka

Ndivyo ilivyo pia kwa mama mjamzito. Husemwa vijijini kuwa mimba na paka havikai nyumba moja. Lililo kweli ni kwamba kipo kijidudu kiitwacho toksoplazma, ambacho paka hukitoa katika kinyesi chake, kwa kawaida kwa wiki chache tu za maisha yake, na ambacho kikimwingia mjamzito kwa mara ya kwanza kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini kinyesi hicho huhitaji angalau siku moja kabla hakijawa na uwezo wa kuambukiza, na watu wengi hukipata kijidudu hicho kwa nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani.

Kwa hiyo hakuna haja ya kumtupa paka. Mume au kijana wa nyumbani aondoe kinyesi kila siku na kukifukia. Mama aoshe mikono baada ya kulima, aoshe mboga, na apike nyama mpaka iive. Mwenye shaka amuulize mkunga kliniki.

Kiroba kando ya barabara

Linabaki jambo tunalolijua wote na tusilopenda kulisema. Paka jike hubeba mimba kwa muda wa miezi miwili hivi, huzaa watoto wanne au zaidi, na anaweza kuzaa mara mbili hata tatu kwa mwaka. Nyumba haiwezi kuwaweka wote. Basi hutafutwa kiroba, watoto wa paka hutiwa ndani, na kijana hutumwa akawaache kando ya barabara kuu au dampo la sokoni. Hapa ndipo habari ya yule mwanamke wa hadithi inapotugeukia. Yeye alimfungia mmoja ndani ya nyumba. Sisi tunawafungia wanne ndani ya kiroba.

Njia ya wataalamu ni kumfunga uzazi paka jike na kumhasi dume, kwa upasuaji mdogo ukiwa mikononi mwa daktari aliyesajiliwa, chini ya dawa ya usingizi. Wanazuoni wametofautiana kuhusu kuhasi wanyama: wapo waliokataza kabisa, na wapo walioruhusu panapokuwa na maslahi na pasipokuwa na madhara kwa mnyama, na wapo wa zama hizi walioruhusu kwa paka wanapozidi na kuteseka. Kila familia na imuulize sheikh wake. Lakini hatujui mwanachuoni aliyeruhusu kiroba.

Linaloweza kufanyika kuanzia Ijumaa hii

Gharama ni hoja ya kweli. Familia inayohesabu shilingi za daftari na sabuni haiwezi kuambiwa imtibu paka kwa fedha ya mtoto, na dini haikuamrisha hivyo. Lakini mengi tuliyoyataja ni ya bure: bakuli la maji, dagaa wachache, kutompa kidonge cha binadamu, kutomlaza juu ya unga wa dawa. Na yanayohitaji fedha hupungua uzito yakibebwa na wengi.

Tunapendekeza kamati za misikiti ya Ngara na Biharamulo zikae na maafisa mifugo wa kata zao na kupanga siku moja ya chanjo baada ya swala ya Ijumaa, katika uwanja ulio karibu na msikiti. Daktari mmoja akija kwa paka mmoja ni gharama. Akija kwa paka na mbwa mia moja, kila nyumba hutoa kidogo, na mwenye uwezo humlipia jirani. Siku hiyohiyo aulizwe maswali, naye afundishe kwa dakika kumi yale tuliyoyaandika hapa kwa kurasa mbili.

La mwisho ni kwa vijana wetu. Mkoa wa Kagera una kampasi ya mafunzo ya mifugo huko Kikulula, Karagwe, inayotoa wataalamu wa ngazi za cheti na stashahada. Na mhitimu wa kidato cha sita mwenye ufaulu mzuri wa masomo ya sayansi, biolojia na kemia zikiwamo, anaweza kuomba nafasi ya udaktari wa wanyama Morogoro. Hatuoni sababu ya binti wa Rulenge au kijana wa Nyakahura kutokuwa siku moja bingwa wa kwanza wa paka kutoka wilaya hizi. Waliotangulia huko New York na Boston nao walianza peke yao, wakati wenzao wengi walimwona paka hastahili daktari.

Wataalamu wanasema ushirika wa binadamu na paka una umri wa miaka ipatayo 10,000, na kwamba ulianza pale mwanadamu alipoanza kuhifadhi nafaka. Nafaka ilileta panya, na panya wakamleta paka. Mkataba huo, ambao haukuandikwa, paka ameutimiza kila usiku. Upande wetu wa mkataba bado una deni, na mwenye kuliuliza ni Yule aliyetupa amana. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuwarehemu viumbe wake, ili nasi turehemiwe. Amin.